Pipa Linalokoroma

Nyumbani, 4 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, kama huko juu ulikopanda bado mnapokea salamu za watu wa chini. Sisi wazima. Mgongo unaniuma, lakini hiyo si habari, huyo ni mpangaji wa siku nyingi. Paka kazaa tena ndani ya kapu langu la magunia, baba wa watoto hajulikani, ingawa mimi namshuku yule dume wa mlinzi, anavyopita hapa akitazama pembeni. Paa linavuja palepale. Mjomba wako alipanda kuliziba, sasa linavuja pawili.

Usishangae kwamba naandika mwenyewe. Ulinifundisha wewe, ulipokuwa darasa la kwanza na mimi ndiye mwanafunzi wako wa pekee, unanigonga vidole kwa mwiko nikigeuza herufi. Shule sikuiona, ila mwalimu nilimpata, tena mkali. Simu uliyoniachia iliangukia kwenye ndoo ya maji na sikulia. Nusu ya maongezi yake ilikuwa "unanisikia, unanisikia". Barua hainiulizi upuuzi huo.

Sasa habari. Walikuja watu wa kofia nyeupe kulipima pipa, lile pipa kubwa la chuma la nafaka ambalo kivuli chake ndicho saa ya nyumba yetu. Wanasema sasa hivi linafunguka chini tu na malori yanasubiri mno, kwa hiyo watalitoboa mdomo ubavuni. Mmoja wao akaniuliza, mama, wewe hapa kazi yako nini. Sindano ya gunia mkononi, gunia mapajani, gunia jingine nimelikalia. Nikamwambia napaka kucha rangi. Akaandika.

Na hilo pipa likifunguliwa linakoroma. Sauti nene, ya mtu aliyeshiba akalala chali, mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini. Mimi nilidhani ni Mjomba wako kalala kazini, maana uwezo huo anao. Nikamsema mbele ya wapakiaji. Kanuna mpaka leo.

Niambie basi, wewe kazi yako hasa ni nini? Mjomba wako anawaambia watu kwamba unalipwa kucheza michezo kwenye kompyuta. Nijibu vizuri, nipate cha kumchomea.

Bibi yako


Ofisini, 2 Machi

Shikamoo Bibi, mke mkubwa mwenye nyumba,

Barua yako imefika jana, imechoka kuliko aliyeibeba. Unaniuliza ya Februari, nakujibu Machi, utaisoma sijui lini. Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha lisilofunguka na kompyuta inayopiga kelele kama mashine ya kusaga. Pole na mgongo, hongera kwa paka.

Kazi yangu ni hii. Watu wakitaka kujenga au kutoboa kitu kikubwa, hawapendi kukitoboa kwanza ndipo wajue kama kitaanguka. Basi mimi nakiigiza ndani ya kompyuta, ili kama ni kuanguka kiangukie humo kisimwangukie mtu. Hivi sasa nina pipa la nafaka la mahali fulani. Usiniulize wapi, nimetia sahihi ya kutosema.

Natumia programu mbili. Moja ni ya ukuta: inaukata vipande vidogo vidogo, kama nguo ya viraka, na kwa kila kipande inauliza kinavutwa vipi na majirani zake. Nyingine ni ya nafaka: kila punje ni mpira mdogo unaojitegemea, unagonga wenzake, unateleza, unakwama. Kila kitambo kidogo, kifupi kuliko kufumba jicho, hizi mbili lazima ziongee. Punje zinauambia ukuta, tumekusukuma hapa, kwa nguvu hii. Ukuta unajibu, basi nimesogea hadi hapa. Zikielewana mimi nakunywa chai.

Hazielewani. Juzi nilifungua mlango wa pipa, punje zikatulia kidogo, kisha zikapita katikati ya ukuta kama watu wanaotoka mkutanoni na kutawanyika hewani. Nyingine zilikwenda kasi kuliko risasi. Mkuu wangu, tunamwita Bwana Leoleo kwa sababu kila kitu anakitaka leo, alisimama nyuma ya kiti changu akauliza kama hiyo ni kawaida. Nikamwambia ni nafaka ya kisasa.

Amenishauri nizime upande mmoja: punje zisukume, ukuta usijibu. Hesabu inakwenda vizuri sana hivyo. Ndoa nyingi pia zinakwenda vizuri hivyo. Ila ukuta usiojibu hauwezi kukuambia kama unakunjika, na hicho ndicho nilichoajiriwa kuuliza.

Wasalimie wote: mlinzi, wapakiaji, paka na watoto wake wasio na baba.

Mjukuu wako


Nyumbani, 24 Machi

Mke mwenzangu,

Sisi wazima, mvua imeanza, ndoo za kukingia zimekwisha, nimeingia kwenye masufuria. Dume wa mlinzi sasa anakuja mchana kweupe, kwa hiyo kesi ya watoto imekwisha.

Salamu zako nimezigawa. Mlinzi kapata, wapakiaji wamepata, paka kapata yake na ya wanawe. Mjomba wako alikuwa kasimama mlangoni nikisoma kwa sauti, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

Mimi naijua hadithi yenu, nilikuwepo, nilishika bakuli. Alikuambia mezani, mbele ya wageni, kwamba umesomeshwa miaka yote ili ucheze michezo. Na wewe ulimi wako hukuuacha nyumbani kwa jirani, ukamjibu kwamba bora michezo kuliko kulipiga pipa kwa nyundo kama mwendawazimu. Wageni wakatazama sahani zao. Ni kweli analipiga, nafaka ikikwama ndani ni lazima mtu alipige ubavuni mpaka ishuke, ndiyo kazi yake na ndiyo maana wanamwita Nyundo. Tangu siku ile mmenuniana kama watoto waliogombania bembea. Yeye anasema wewe huandiki, wewe unasema yeye haandiki, na mimi hapa katikati napitisha maneno bila hata posho.

Halafu hilo pipa lako la mahali fulani. Lina kutu upande wa jua? Lina ngazi iliyokatika kidato? Usinijibu, umetia sahihi. Mimi sijatia. Zile kofia nyeupe zilikuwa na jina la ofisi yenu, na mwalimu wangu alinifundisha kusoma. Wamechora duara la rangi nyekundu ubavuni, pale pa kutoboa. Liko usawa wa kichwa cha Mjomba wako, na hapohapo ndipo atakaposimama na nyundo yake kila lori likija. Nakutajia tu, kama habari za nyumbani.

Na huyo Leoleo wako asikudanganye na ndoa za ukuta usiojibu. Mume wetu alikuwa wa hivyo, Mungu amrehemu, na tulipona. Lakini yeye hakuwa na mzigo wa malori mangapi sijui tumboni.

Bibi yako


Ofisini, 16 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sijui unazungumzia pipa gani. Pole na mvua. Wasalimie waliopata salamu safari iliyopita, wagawane tena.

Nina habari njema, na kwa kuwa hapa hakuna anayetaka kuisikia, utaisikia wewe. Nililaumu kila kitu. Nilisema vile vipande vya ukuta ni vikubwa mno, nikavipunguza. Nikasema nimechanganya vipimo, nikavikagua. Nikalaumu umeme wa jengo. Punje zikaendelea kupaa. Mwisho nikafanya wanachofanya waliokata tamaa: nikatupa pipa zima, nikabaki na punje moja na bamba moja la chuma. Nikaidondosha.

Bibi, ilidunda juu kuliko nilikoiachia. Mara ya pili juu zaidi. Hakuna mpira duniani unaofanya hivyo, hata wa matajiri. Nguvu ilikuwa inatoka pasipo na mtu.

Nikakaa na hiyo punje moja kama mtu anayemchunguza mwizi, nikaona. Programu moja ilikuwa inajibu barua ya zamani. Punje inasema nimekugonga. Ukuta unajibu ya kabla ya hapo, walipokuwa bado mbali. Punje inasukuma tena kwa nguvu zaidi, na ukuta ndiyo kwanza unaijibu ile ya kwanza. Kila mmoja ana haki kwa barua aliyonayo mkononi, na kila mzunguko ugomvi unakua. Nikazilazimisha zisubiriane: hakuna kusogea mpaka jibu la sasa lifike. Punje ikadunda, ikadunda kidogo, ikalala.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu wangu. Ili hesabu iende upesi nilikuwa nimezilegeza punje, laini kama unga uliokandwa, nazo zikawa zinazama ndani ya ukuta. Nimezirudishia ugumu wake. Sasa kompyuta inajikokota siku nzima kwa kazi ya saa moja na Leoleo anapita kila baada ya muda kuuliza kama imekufa.

Baada ya hapo pipa zima likakaa. Ila jambo moja: nafaka ikishuka hadi nusu, ukuta unaanza kutetemeka. Leoleo akasema hayo ni makelele ya hesabu, mabaki ya kosa lilelile, niongeze breki. Breki ni kitu unachotia humo ili kila mtetemeko ufe. Kwa vituko vyote nilivyokwisha kuona, nikamwamini. Nikaongeza. Ukuta ukanyamaza, umesimama kama askari kwenye gwaride. Nikatia sahihi ripoti: kutoboa ruhusa. Leoleo kanipa mkono. Una majimaji.

Mjukuu wako


Nyumbani, 5 Mei

Mke mwenzangu,

Hongera. Nimewaambia wote, hata wasiouliza, kwamba mjukuu wangu amepata dawa ya kulala ya mpira. Muuza duka akaniuliza inauzwaje.

Sisi wazima. Mgongo yupo, hajahama. Watoto wa paka wamefumbua macho na wote wana uso wa dume wa mlinzi, aibu tupu. Nimeshona magunia mpaka kidole cha shahada kimekuwa na sugu kama kisigino.

Umeandika kuhusu watu wanaojibu barua za zamani halafu ugomvi unakua. Sijui ulikuwa unamsema nani. Mjomba wako mpaka leo anakujibu ile ya mezani, akiwa peke yake, huku ananyoa ndevu. Nimemsikia. Anajibu vizuri sana, hasa ukiwa haupo.

Lakini hiyo breki ndiyo iliyonifurahisha. Kama mmepata kitu cha kunyamazisha pipa, tafadhali mtuletee chupa moja na sisi, maana la kwetu halijasikia kwamba limetiwa sahihi. Jana wamelifungua, nafaka ilipofika katikati likaanza kukoroma kama kawaida yake, kikombe changu cha bluu kikatembea chenyewe kabatini kikajitupa chini. Kile cha mume wetu. Nimefagia vipande. Mjomba wako kasema, mwandikie huyo msomi wako. Basi nakuandikia: nadai kikombe.

Wakataji chuma wanakuja tarehe ishirini. Mjomba wako kashaambiwa asogeze kiti chake pale kwenye duara jekundu.

Bibi yako


Ofisini, 14 Mei

Bibi, shikamoo. Salamu nyingine baadaye, barua yako safari hii imekimbia kuliko zote.

Barua hii nimempa mkononi dereva wa lori la nafaka linalokuja huko, kwa sababu posta haitawahi.

Kikombe. Uliniambia Februari. Uliandika kabisa kwamba pipa linakoroma na vikombe vinacheza. Nilisoma, nikacheka kuhusu Mjomba kulala kazini, nikaikunja barua nikaiweka kwenye droo, hapa chini ya mkono wangu. Halafu pipa hilohilo likakoroma ndani ya kompyuta yangu, mahali palepale, nusu, na mimi nikalifunga mdomo. Yale mengine yalikuwa makosa. Hili lilikuwa kweli, ndilo la kweli peke yake humo ndani, nami nikalitia breki pamoja na makosa.

Ndiyo, ni pipa lenu. Sahihi yangu ya kutosema mtanisamehe.

Nimetoa breki nikarudia hesabu yote, safari hii na mdomo wa ubavuni. Nafaka inakimbilia upande mmoja. Upande huo ukuta unabaki bila kitu cha kuegemea, mtetemeko unaukuta hapo, unakunjika kuingia ndani. Unakunjika kwenye duara.

Nilikwenda kwa Leoleo kuifuta sahihi yangu. Akacheka, akasema vikombe vya bibi kizee si kipimo. Akasema wino umeshakauka. Nikachukua kalamu yake mezani nikaandika juu ya ripoti, kwa wino mbichi, kwamba naifuta, na nakala nimewapelekea wenye pipa. Sasa nimehamishiwa meza ya karibu na choo, na mwisho wa mwezi wakubwa watakaa kuamua kama nihamishiwe nje kabisa. Wanasema wataniamini nikileta neno la mtu anayefanya kazi pale, aseme linatetemeka lini na upande gani, ilingane na hesabu yangu.

Huyo mtu ni mmoja tu na unamjua. Usimwambie unaomba wewe. Mwambie naomba mimi. Na asisimame kwenye lile duara, hata kidogo, hata kufunga kamba ya kiatu. Hilo pia naomba mimi.

Mjukuu wako


Nyumbani, 22 Mei

Mke mwenzangu,

Mimi salamu siachi, hata nyumba ikiungua. Sisi wazima. Mgongo anakusalimu. Paka amewahamishia watoto chini ya kitanda chako, kwa hiyo usije ukaingia miguu mbele.

Dereva alifika na barua yako imejaa mafuta ya injini lakini inasomeka. Nikamwita Mjomba wako nikamsomea. Nilipofika pale pa "naomba mimi" akaniambia nirudie, hajasikia vizuri. Nikarudia. Akasema lori lilikuwa linapita. Hapakuwa na lori. Nikamsomea mara ya tatu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya pipa, na mimi nikaendelea na gunia langu, maana mwanamume akitafuna jambo usimsimamie mdomoni.

Wakataji walikuja tarehe yao, na mitungi ya gesi na miwani myeusi. Msimamizi wa wenye pipa akawatokea na karatasi mkononi, nadhani ile ya kwako, akawaambia wasubiri. Wakasubiri chini ya lori lao, wakala, wakalala, wakaondoka na mitungi yao. Duara bado lipo. Mjomba wako tangu siku ile analizunguka kwa mbali kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kiti chake kakihamishia karibu na jiko langu, sasa nina wageni wawili, yeye na nyundo.

Kumwambia Leoleo kwamba wino wako ni mbichi ulifanya vizuri. Kunificha pipa langu mwenyewe, na mimi nalitazama nikiamka nikilala, hilo tutalizungumza ukija. Na kuhusu hao wanaokaa mwisho wa mwezi: wakikuhamishia nje kabisa, nje yenyewe ni hapa. Paa linavuja pawili lakini penye kitanda chako ni pakavu, nimekisogeza mwenyewe, na sindano ya pili ya gunia ninayo. Usilie karibu na choo, watu watadhani ni harufu.

Sasa kazi uliyonituma. Nilimpa Mjomba wako karatasi yangu nzuri, akaikataa. Akachukua ile penseli nene ya kuandikia magunia akaandika kwenye kipande cha mfuko, akaniomba nisisome. Nimesoma. Nimekishona kwenye barua hii kwa uzi wa gunia kisipotee njiani, na naipa mkono wa dereva yuleyule iwahi kabla hawajakaa. Usikate uzi ovyo, ukate kwenye fundo.

Kikombe bado nadai.

Bibi yako


*(kipande cha mfuko, kimeshonwa)*

Mpwa wangu,

Linaanza likishuka nusu, upande wa jua. Linatetemeka mpaka nafaka ifike usawa wa kile kidato kilichokatika, halafu linanyamaza lenyewe. Ukiweka kiganja ubavuni meno yanagongana. Nikilipiga nyundo linatulia kidogo kisha linarudia. Ni hivyo kila likifunguliwa, tangu nimeajiriwa. Waandikie hivyo na uweke jina langu, siogopi.

Kwenye duara sisimami.

Na umwambie bibi yako, kwa maandishi, kwa kisomi, uweke na sahihi usiifute: siku ile ya wapakiaji sikuwa nimelala.

Mchezo wako umefika wapi?

Mjomba